Tasnifu Tatu, Mama Mmoja

"Umeiba," alisema Dokta Fanuel, tena huku anakoroga chai.

Nashipae alikuwa ndiyo kwanza anakaa. Huyo Fanuel ndiye aliyeongoza kamati ya shahada za uzamili pale chuoni, na kwenye kompyuta yake alikuwa amefungua tasnifu ya Nashipae kuhusu maji ya visima vya Kikwe. Visima vyenyewe wala hakuvigusa. Alikuwa amekwama kwenye tabaruku, ule ukurasa wa mwanzo wa kumtaja mtu unayemtolea kazi yako.

"'Kwa mama yangu Nosim, aliyemuuza Nanyokie, ng'ombe wake mwekundu, ili mimi nisome,'" alisoma. "Maneno haya haya yamo kwenye tasnifu ya Elifuraha, aliyehitimu mwaka jana. Yamo na kwa Hedwiga. Wao wametangulia, wewe umefuata. Sasa nani kamwibia nani?"

Jamani! Mtu aitwe mwizi wa mama yake mzazi? Nosim muda huo yuko zake nyumbani Moshono, mzima wa afya, na huyo ng'ombe Nanyokie, Nashipae alimkamua kwa mikono yake mwenyewe tangu yuko shule ya msingi.

Alijaribu kueleza. Ile programu ya kuanzishia tasnifu, inayotumiwa na idara nzima, ameitengeneza yeye. Haina vitufe wala picha. Unafungua kidirisha cheusi, unaandika amri moja, inakuuliza jina lako, kichwa cha kazi na jina la msimamizi. Ukishajibu inakuwekea mradi mzima wa LaTeX, mfumo wa kupangia kurasa za vitabu, tayari: jalada, pambizo, sura, marejeo, kila kitu mahali pake. Kwenye kiolezo Nashipae aliweka tabaruku yake mwenyewe iwe mfano, na juu yake akaandika wazi kabisa: futa haya, andika ya kwako. Wenzake hawakufuta. Walijaza sura zao, wakachapa, wakapeleka kujalidiwa, wakavaa majoho.

"Na mbona wewe umechelewa kuliko wote?" Fanuel aliuliza.

Kwa nini kachelewa! Si kwa sababu ya wenzake hao hao, kila siku simu? Dada Nashipae, imegoma. Dada, majedwali yangu yamekimbilia ukurasa mwingine. Mwaka mzima anahangaika na kazi za watu, ya kwake imelala, halafu asante yenyewe ndiyo hii.

"Programu inaweza kuwa yako na maneno yakawa ya Elifuraha," Fanuel alisema. "Mimi kazi yangu si kukagua mama za watu. Niletee mmoja wao akiri, au ufute huo ukurasa na uandike barua ya kuomba radhi. La sivyo, mahafali ya mwaka huu usahau."

Afute! Amfute mama yake kwa sababu watu wamekuwa wavivu wa kumtaja wa kwao! Nashipae alitoka nje bila kuaga, akampigia Elifuraha palepale uwanjani, akamweleza.

"Dada, si ufute tu?" Elifuraha alisema. "Mstari mmoja huo. Mimi nimeshaajiriwa, ukinivuta huko utaniharibia." Akakata simu.

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Alikwenda moja kwa moja Maji ya Chai, nyumbani kwa kina Elifuraha, akamkuta mama yake, Aika, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Eli. Ndiyo kwanza karudi sokoni, bado anafungua marobota ya mitumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Si wewe uliyemsaidia Eli kile kitabu?" Mama Eli alinyanyuka kwa furaha, akafungua kabati la vioo, akaitoa tasnifu katikati ya vikombe vya wageni. Jalada jeusi, herufi za dhahabu, jina la mwanawe. Kila aliyeingia nyumba ile alionyeshwa jalada hilo. Kukifungua, hakuna aliyekifungua. Kitabu chenyewe cha Kiingereza, utatafuta nini ndani?

"Mama, huku mwanzoni kuna Kiswahili," Nashipae alisema. "Naomba unisomee."

Mama Eli alivaa miwani, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno. Akafika kwenye jina, akasimamisha kidole. Akarudia tena kutoka juu.

"Nosim ndiye nani?"

"Ni mama yangu."

"Na huyu ng'ombe?" Alivua miwani. "Mimi nimemsomesha kwa mitumba. Jua langu, matope yangu, mgongo umekwisha. Ng'ombe gani tena?"

Nashipae alikuwa amekuja na hasira zake. Sasa akawa na za watu wawili. Alimweleza yote, mpaka lile neno la wizi, mpaka ile simu iliyokatwa.

Kesho yake Mama Eli aliingia ofisini kwa Fanuel amevaa nguo zake za kanisani, tasnifu kwapani, mwanawe mbele yake. Nashipae alikuwa ameshafika.

"Haya, sema," mama alimwambia.

"Maneno ni ya Nashipae," Elifuraha alisema, macho chini. "Mimi sikumwandikia mama yangu chochote. Niliacha kama nilivyokuta."

Fanuel alikohoa. "Basi. Ukurasa wako ubaki, Nashipae. Utahitimu."

Basi! Hata samahani? Umemwita mtoto wa watu mwizi, halafu unamaliza na basi? Nashipae alifungua mdomo amjibu, lakini Mama Eli alimtangulia. Alikiweka kitabu mezani, akakifungua, akakisogeza kwa Fanuel.

"Hapa sasa mniandike mimi. Naitwa Aika."

"Mama yangu, tasnifu ikishaingia maktaba hairekebishwi tena," Fanuel alisema.

Mama Eli alimtazama Fanuel, kisha akamgeukia mwanawe, ambaye bado alikuwa anaangalia sakafu.

"Kwa hiyo mimi nitabaki Nosim?"