Mnyoo Mmoja kwa Mapacha Wawili

Mdogo wangu Nestory anasomea minyoo wa baharini. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakilisikia mwishoni hudhani nilikuwa naficha aibu ya familia. Si wale minyoo wa tumboni ambao wanafunzi wangu wa darasa la tatu hupewa dawa yao shuleni. Hao wangekuwa na maana, mtu angekuja siku moja kumshukuru. Wa kwake wanakaa kwenye tope la mikoko Bagamoyo, wana urefu wa milimita moja, hawaumi, hawaliwi, na hakuna aliyewahi kuwalalamikia. Kazi ya Nestory ni kumtafuta yule ambaye hajaandikwa popote, kumchora, kumpima kila kiungo, kueleza anatofautiana vipi na jamaa zake, kisha kumpa jina. Kwa kazi hiyo amefikisha miaka thelathini na nane bila mke, bila kiwanja na bila kujua kuogelea.

Babu wa babu yetu alitembea kwa miguu kutoka huku Unyamwezini hadi Bagamoyo na pembe la ndovu begani, akarudi na chumvi na vitambaa. Nestory alikwenda kwa basi, akarudi na tope kwenye chupa. Mimi nasema tu.

Sasa nieleze majina, maana kesi yote iko hapo. Kanisani mimi ni Yustina, shuleni Mwalimu Yustina, lakini nyumbani ni Doto, kwa kuwa nilizaliwa wa pili katika mapacha. Wa kwanza alikuwa Kulwa. Nestory alitufuata, kwa hiyo nyumbani ni Shija, kama anavyoitwa kwetu mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Kulwa alikufa kule kijijini kwetu Ziba tukiwa na miezi mitatu, kabla padri hajafika kigangoni kubatiza. Hayumo katika kitabu cha parokia, hana kadi ya kliniki, hana picha. Mimi mwenyewe sikumbuki hata kilio chake.

Lakini mapacha kwetu hapewi mmoja akaachwa mwingine, na mama hakuona kwa nini kifo kibadilishe utaratibu. Kila Krismasi alishona magauni mawili. La pili lilivaliwa na mtoto wa jirani. Nilipofaulu darasa la saba nilimkimbilia kumwambia. Akasema, "Vizuri. Na Kulwa?" Nilipopata kazi ya ualimu: "Na Kulwa?" Siku ya harusi yangu, nikiwa na shela kichwani, alinishika mashavu, akaniangalia kwa upendo kabisa, na nikajua linalokuja. Nilimpenda mama yangu, na swali lile nililichukia kwa moyo wote.

Miaka miwili iliyopita Nestory alinipigia simu akiwa na furaha ya ajabu. Alikuwa amempata mnyoo asiyejulikana duniani, na kwa kuwa nilimlea wakati wote wa masomo yake, atamwita doto.

"Katika viumbe vyote vya Mungu," nilimwambia, "umeniona mimi nafanana na huyo?"

Nilinuna siku tatu. Siku ya nne nikamgusia Mwalimu Tekla kwenye chumba cha walimu, naye akashangaa vizuri mno. Kufikia Jumapili nilikuwa naieleza jumuiya yetu nzima ya mtaani Cheyo kwamba jina la namna hiyo halifutwi, linatumika dunia nzima, na litakuwepo hata majina ya madiwani yakishasahaulika. Ukweli ni kwamba nililitaka. Lilikuwa langu peke yangu.

Habari ikafika Ziba. Mama akampigia Nestory mwenyewe. Mnajua alimwuliza nini.

Baada ya mwezi mmoja Nestory akanitangazia kwamba wamekuwa wawili. Tope lilelile, chupa ileile, wanafanana sana ila mmoja ana mkia mrefu kidogo. Kulwa na doto. Mama alifurahi, akasema Shija amekuwa mtu mzima. Mimi nikameza mate nikarudi kwenye nusu yangu, niliyoizoea.

Mwezi wa sita mwaka huu alikuja kwangu na hadubini ya kuazima na sanduku la vioo vyembamba, kila kimoja kina mnyoo mmoja ndani ya tone la glisirini, akaomba meza yangu ya chakula kwa wiki moja. Wiki nzima tulikula ugali tumeuweka mapajani. Chupa yake ya glisirini nilidhani ni zawadi, nikajipaka visiginoni siku mbili kabla hajagundua. Hakugomba. Hapo nikajua ana tatizo.

"Dada," aliniambia jioni ya tatu, "wahakiki wameikataa."

Wahakiki ni wale mabingwa wanaosoma makala kabla ya kuchapishwa. Mmoja wao, mama mmoja wa Ubelgiji aliyezeekea kwenye minyoo, alikuwa ameandika kwamba kulwa na doto ni mnyoo mmoja. Mikia hutofautiana kama watu wanavyotofautiana urefu. Aondoe jina moja, abaki na moja, vinginevyo makala haitapokelewa.

"Aliwazaa yeye?" niliuliza.

"Dada."

"Mapacha wakifanana ndiyo wanakuwa mtu mmoja? Sogea hapo!"

Nikavua miwani, nikaweka jicho. Nilimwangalia doto, nikamwangalia kulwa, nikarudia, mpaka shingo ikauma. Na nikaipata! Kulwa alikuwa na unywele mmoja mrefu ubavuni ambao doto hakuwa nao. Nikapiga kelele. Nestory akainama, akatazama sana, kisha akafuta juu ya kioo kwa ncha ya kitambaa. Ulikuwa uzi wa kitambaa changu cha meza.

Alikaa chini. "Nami nilifanya hivyohivyo," alisema. "Mama aliponiuliza, nilirudi kwenye vioo nikitafuta wa pili. Nilipima mikia mia moja na kumi. Mirefu nikaiweka huku, mifupi huku, ya katikati nikasema nitaiangalia baadaye. Sikudanganya, dada. Niliwaona kabisa wawili."

Nilijua hakudanganya. Katika familia yetu kuona wawili palipo na mmoja tumefundishwa tangu utotoni.

"Kwa hiyo nitafuta kulwa," akaendelea. "Mnyoo nilikuahidi wewe. Na wewe ndiye uliyepo. Mama tutamwambia taratibu."

Nilipaswa kushangilia. Hatimaye kitu kizima, changu, na tena kwa amri ya Ubelgiji. Nikasimama jikoni nikiosha vyombo, nikawa nahesabu mahali nilipoandikwa: kitabu cha ubatizo, cheti cha shule, cheti cha ndoa, kadi ya mpiga kura, rejista ya mahudhurio kila asubuhi, ubao wa walimu wa zamu. Nilihesabu na pa Kulwa. Sikupata hata mahali pamoja. Nikamwonea huruma kwa mara ya kwanza maishani, na nikaona haya kwamba ni mara ya kwanza.

"Futa doto," nilimwambia Nestory.

"Dada, umewaambia watu wote."

"Nitawaambia nilikosea. Mimi ni mwalimu, sijawahi kukosea, watafurahi sana."

Makala ilitoka mwezi wa kumi. Mwalimu Tekla alifurahi kuliko nilivyokisia. Nilichapisha nakala, nikaenda nayo Ziba Jumamosi. Nilimkuta mama uani akichambua mpunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Doto. Karibu."

Nikamsomea kwa Kiswahili, nikitafsiri: mkia, kichwa, vipimo, tope la Bagamoyo, yule mnyoo wa kielelezo aliyehifadhiwa kwenye kioo chake ili mtu yeyote akitilia shaka aende amwangalie. Kisha nikafika kwenye asili ya jina, mahali ambapo Nestory alikuwa ameandika mstari mmoja: jina ni la Kulwa, mtoto wa Benedikta, aliyezaliwa Ziba.

Mama aliomba karatasi. Hajui kusoma sana, lakini nilimwonyesha neno, akaweka kidole juu yake na hakukiondoa kwa muda mrefu. Nikasubiri aseme Mungu ni mwema, au alie.

"Na Doto?" aliuliza.

Sikumwelewa. "Doto yupi, mama?"

"Doto wangu. Wewe. Wamekuandika wapi?"

Nilijaribu kumweleza habari ya wahakiki, na mikia, na kwamba mnyoo alikuwa mmoja tu tangu mwanzo. Nina miaka arobaini, nafundisha watoto sabini na wawili, na nililia pale uani kama nimepokonywa kitumbua.

Mama alirudi kwenye ungo wake. "Basi mwambie Shija atafute mwingine," alisema.

Nimempigia. Anasema tope bado liko chupa mbili.