Nyuki kwenye Uwanja wa Visahani

Baba Pacha alikuwa fundi vioo, na kazi hiyo ilimfundisha kuendesha gari kama mtu aliyepakata mayai. Hata siku asipobeba kioo nyuma, alipunguza mwendo kwenye kila tuta na kila kivuli kilichofanana na tuta. Shemeji yake, ambaye kila mtu alimwita Twiga kwa urefu wake, alipenda kusema kwamba kobe akiwa nyuma yao angepiga honi. Baba Pacha hakukasirika. Alijibu tu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, akaendelea kuukumbatia usukani wake.

Safari ilikuwa wazo la Twiga. Siku hizo alikuwa haambiwi hasikii kwa mchezo wa visahani, ule wa kurusha kisahani cha plastiki kutoka mbali mpaka kitue kwenye kikapu cha minyororo kilichofungwa juu ya nguzo. Alisikia kuna uwanja mzuri msituni, juu mlimani, jirani na mahali pa kupiga kambi. Chini ya mlima ule kulikuwa na mji mkongwe ambao dada yake, Mama Pacha, aliutamani tangu utotoni. Basi wakakubaliana: walale hemani, asubuhi wacheze, kisha washuke mjini kutazama mnara wa saa, daraja la mawe na jumba la makumbusho. Mapacha wakaachwa kwa bibi yao.

Asubuhi hiyo uwanjani walikuwa peke yao. Baba Pacha alirusha vibaya mpaka mkewe akakaa chini kwa kucheka. Zamu ya Twiga ilipofika, alijipinda mwili mzima, akakiachia kisahani. Kikapita juu ya kikapu, kikakunja kona na kugonga mti mkavu uliokuwa na tundu kubwa kifuani. Twiga akaenda kukichukua huku akipiga mluzi.

Mluzi ulikatika. Wakamwona anarudi mbio, mikono inapunga hewani, na nyuma yake kitu kama moshi.

Wakakimbilia garini. Wakafunga vioo na kuwaponda wale nyuki walioingia nao. Mama Pacha alichomwa shingoni, Baba Pacha mkononi, Twiga mahali pengi, hasa kichwani. Mwanzoni Twiga alicheka, akasema nyuki wa huku hawana adabu kwa wageni. Kisha akaanza kujikuna viganja. Midomo ikaumuka kama unga uliotiwa hamira. Akajishika koo.

"Shemeji," akasema, na sauti haikuwa yake. "Koo linaziba."

Simu zote hazikuwa na mtandao. Baba Pacha aliwasha gari, akaliacha hema limesimama, jiko la gesi mezani na viatu vyao vya kubadilishia mlangoni. Barabara ya kushukia mjini ilikuwa ya vumbi, nyembamba, upande mmoja mlima na upande mwingine bonde. Jana yake aliipanda akiwa ametoa ulimi nje kwa woga. Sasa aliishuka kwa mwendo ambao angemkanya mtu yeyote, sufuria zinagongana nyuma, mawe yanarukia chini ya gari. Kila kona aliiona ndiyo ya mwisho. Jasho lilimwingia machoni na hakuthubutu kuondoa mkono kulifuta.

"Anapumua?" akauliza.

"Anapumua. Tazama mbele."

Mtandao uliporudi, Mama Pacha alipiga simu ya dharura. Wakamwambia gari la wagonjwa likitoka sasa litachelewa kuliko wao wenyewe, waende moja kwa moja hospitali kuu, nyuma ya jumba la makumbusho. Baba Pacha hakuwa na habari jumba hilo liko upande gani. Aliuliza tena kama shemeji anapumua. Mkewe akasema ndiyo, ila kwa shida, anakoroma.

Wakaingia mjini, na mji wote ulikuwa umejaa watalii. Mnara wa saa ukatokea mbele, mrefu na mzuri kama ulivyosifiwa, na Baba Pacha akauchukia, kwa sababu chini yake watu walikuwa wamesimama katikati ya njia kupiga picha. Alibana honi asiiachie. Mzee mmoja aliyewaongoza wageni akamwinulia fimbo kwa hasira. Akapita taa nyekundu, yeye ambaye hata ya njano ilimsimamisha. Akaingia kwenye daraja la mawe na kukuta magari yamepanga foleni, hayasogei.

"Anapumua?"

Hakujibiwa.

Hakuuliza tena. Wala hakutazama kwenye kioo. Aliona kwamba asipogeuka, jambo lenyewe bado halijatokea. Alimsikia mkewe akiliita jina la utotoni la kaka yake, taratibu, kama anayemwamsha mtoto aende shule.

Askari wa barabarani, mwanamke mnene mwenye glovu nyeupe, akaja kumkaripia kwa ile honi. Akachungulia kiti cha nyuma. Alipuliza filimbi, akasukuma magari pembeni kwa mikono kama anayefungua pazia, kisha akaingia mbele na kukaa juu ya ramani ya utalii.

"Nyoosha," akasema. "Sasa kulia. Usiogope ukingo, panda."

Wakapanda ukingo. Mlango wa dharura ulipoonekana, wahudumu walikuwa tayari wanatoka na machela.

Walisubiri kwenye benchi la chuma. Mama Pacha alimwegemea mumewe, naye akahisi moyo wa mkewe ukipiga begani mwake. Kila mlango ulipofunguka, wote wawili walishtuka. Hatimaye daktari, kijana mwenye macho mekundu, akawaambia sindano zimefanya kazi, mgonjwa amerudi. Aliwaeleza kwamba mwili wake haupatani na sumu ya nyuki, na kwamba tangu leo asitembee bila dawa yake. Mama Pacha akauliza kama wangechelewa ingekuwaje.

"Mama," daktari akasema, "shukuru tu."

Walimruhusu baada ya siku mbili. Twiga alitoka akiwa bado amevimba macho, akitania kwamba ameutembelea mji mzima bila kuona hata jengo moja. Aliomba wapite japo makumbusho. Baba Pacha alisema sawa, akakaa kwenye usukani, akaingiza ufunguo.

Hakuuzungusha. Mikono ilianza kutetemeka, kisha mabega, kisha taya. Alijaribu kueleza kwamba si kitu, atakuwa sawa, ila meno yalikata maneno.

Mama Pacha alishuka, akazunguka mbele ya gari, akamfungulia mlango. Leseni alikuwa nayo, ila hajawahi kuendesha mbali na mtaa wao.

"Sogea, baba," akasema. "Naogopa pia. Leo tuogope kwa zamu."

Akasogea. Mkewe akarekebisha kiti, akauliza gia ya nyuma iko wapi, na gari likaondoka kwa kurukaruka.