Bodi Lisilo na Mbavu

Mwinshehe aliifikisha pikapu yake kwenye karakana ya mtaa wa Katubuka asubuhi, akamwambia Feliksi fundi wa kuchomelea alikate bodi lote, ibaki chesisi tupu.

Feliksi alidhani ni utani. Bodi lile lilikuwa na mabomba marefu ya kushikilia, na ndilo lililomlisha Mwinshehe: siku za gulio aliwashusha mjini watu wa Kalinzi, kijiji cha mlimani, na mikungu yao ya ndizi, wamesimama wamebanana. Pikapu bila mabomba ni pikapu bila abiria. Akauliza anataka nini badala yake.

"Sakafu tu. Chaneli nzito za chuma chini, bamba nene juu, pande zote wazi. Hata kidole kisipate pa kushika."

"Hiyo ni meza, kaka. Unafungua mgahawa?"

Mwinshehe hakucheka. Akaeleza kwamba jana Wilfred, bwana mmoja wa ofisi ya serikali aliyezunguka mitaani kutafuta magari, alifika kwake mtaa wa Buzebazeba na kumwambia kuwa Jumatatu pikapu itahitajika kwenye zoezi. Mwinshehe, ambaye shule ilimtema darasa la nne, alimjibu kwamba zoezi analolijua yeye ni la hesabu, na hata hilo lilimshinda. Wilfred akafafanua. Warundi wote wanaoishi mitaani watapelekwa kambini, na gari lenye mabomba linasimamisha wengi bila mtu kuanguka.

Warundi wote, maana yake na Barutwanayo, fundi cherehani wa nyumba ya pili, aliyevuka mpaka mwaka wa sabini na mbili akiwa mgongoni kwa mama yake. Sare za shule za mabinti wa Mwinshehe alizishona yeye, tangu mkubwa hadi kitinda mimba.

"Nimpakie mimi?" Mwinshehe aliuliza. "Kwa gari langu?"

Feliksi akawasha gesi.

Walipanga chaneli juu ya chesisi wakazifunga kwa bolti, maana chesisi ikichomelewa hupasuka. Feliksi alitaka kuinua kingo kidogo ili mzigo usiteleze. Mwinshehe akakataa. Pete za kufungia kamba zikachomelewa chini ya bamba, zisionekane. Jioni gari lilikuwa zito, bapa na baya, na Mwinshehe akalipenda.

Jumatatu Wilfred alikuja na askari. Akalizunguka gari, akauliza mabomba yako wapi. Akaambiwa yalikula kutu. Basi watu watakaa chini, akasema.

"Panda wewe kwanza, bwana mkubwa," Mwinshehe akamwambia. "Nikupeleke Kalinzi na kukurudisha. Ukirudi ungali juu, chukua ufunguo."

Wilfred alitazama bamba, kisha viatu vyake. Askari akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Ndipo Wilfred akasema huko ni kuhujumu zoezi, na leseni ataichukua. Mwinshehe akaitoa mfukoni, akaitupa juu ya bamba. Wilfred akaiokota.

Lakini lori halikukosekana. Mchana lilisimama mtaani na watu wakapandishwa, kila mmoja na furushi moja. Zaidi ya hapo hairuhusiwi. Vénérande, mke wa Barutwanayo, alikuwa tayari juu na watoto. Mumewe alisimama mlangoni amekumbatia cherehani, anaamriwa aiache.

Mwinshehe akarudisha pikapu kinyumenyume hadi mlangoni. Akaipokea cherehani, akaiweka katikati ya bamba. Kikafuata kitanda. Akang'oa mlango na fremu yake, akapanda juu kufungua mabati ya jiko, wapate ya kuezekea huko kambini. Majirani walipoona hivyo wakaleta vitu vya wengine: magodoro, majembe, kabati la Mrundi aliyekwisha kupanda lori. Feliksi naye alikuwapo, anapitisha kamba chini ya bamba na kukaza.

Wilfred akaja mbio. Si Mwinshehe mwenyewe alisema gari hili halifai?

"Kubeba watu halifai. Unaona mtu hapo?"

"Leseni yako ninayo mimi."

"Itunze vizuri."

Barutwanayo alimshika mkono. "Mugenzi, rafiki yangu, watakufunga."

"Nitafungwa nikirudi. Panda lori, wanakungoja."

Lori likaondoka. Pikapu ikalifuata karibu kabisa, ikila vumbi lake lote, ili waliosimama mle lorini waviangalie vitu vyao njia nzima.