Viatu Mlangoni kwa Daktari

Katika kijiji chetu cha wastaafu hapa Florida hakuna mwenye macho makali kama yangu, na haya yote nimeyaona mwenyewe. Ila miwani nilikuwa nimeikalia, kwa hiyo sehemu nyingine alinisimulia Bernadine.

Bernadine Prewitt ana miaka sabini na mitatu. Jumatatu aliegesha kigari chake cha gofu mbele ya zahanati, akaingia kwa Daktari Haskell na viatu vyake vyekundu, kuonyesha vipele vya viganjani. Alipovuka mlango, mwili wake ulitoweka kuanzia kiunoni kwenda chini, kama kawaida. Hali hiyo humpata kila mzee anayeingia chumba kile. Kukaa unakaa, na kiti unakisikia, ila hakuna cha kuonekana. Viatu hubaki mlangoni, ukitoka unavivaa. Siku ile palikuwa na jozi mbili: vyekundu vyake, na vya kahawia vya kiume ambavyo huwapo kila asubuhi na hatukujua ni vya nani.

Daktari ana miaka sitini na minane na nywele za kupaka rangi. Hakuinuka nyuma ya meza yake. Huwa hainuki.

"Ni sabuni ya vyombo, mama," alisema.

"Vyombo vyangu vinaoshwa na mashine. Nipime kaswende."

Daktari alichungulia kwenye kiti. "Hapo hapana kitu, mama."

"Damu iko mkononi. Mkono si unauona?"

"Fomu inaanzia chini." Akaandika: haipo. Akampa mafuta ya kupaka.

Mafuta yale yale, kwa vipele vile vile, alikuwa amepewa Delmar, anayecheza dansi na Bernadine kila Jumatano na kubaki kwake hadi Alhamisi. Na Delmar hajaosha chombo tangu amzike mkewe. Kufa Bernadine hakukuogopa. Aliogopea macho, maana alisikia ugonjwa ule ukiachwa huweza kuyala, naye hushona mablanketi ya viraka. Juma lile alishindwa mara nne kutia uzi kwenye sindano.

Zahanati haijabadilika. Hata leo asubuhi nimehesabu jozi tisa mlangoni, pamoja na vile vya kahawia. Tumezoea. Siku ya zahanati hatujisumbui kupaka rangi kucha za miguu.

Basi Ijumaa Bernadine aliniambia, "Shoga, panda." Tukaenda kwa kigari cha gofu hadi chuoni mjini, mwendo wa saa nzima, watu wakitupigia honi. Pale husimama gari la vipimo vya magonjwa ya zinaa. Kwetu haliji.

Tulipanga foleni na watoto wa watu wenye mabegi mgongoni. Miguu yetu yote minne ilikuwepo. Ndani ya gari muuguzi, binti mwenye pete puani, alimwuliza Bernadine bila kushusha sauti wala kuipandisha, "Bibi, unalala na wanaume, wanawake, au wote?"

Bernadine alikaa kwanza. Alikuwa amechoka.

"Rudia swali, mwanangu," alisema. "Miaka ishirini sijaulizwa."

Akarudiwa. Akajibu. Akatolewa damu, na baada ya robo saa akaambiwa ni kaswende na inatibika. Akachomwa sindano, akaandikiwa barua ya kwenda kwa daktari wa macho, akaagizwa amlete Delmar, akajaziwa mipira ya kondomu mkoba mzima.

Tukiwa tunashuka, niliona vile viatu vya kahawia vya zahanati kwenye foleni. Safari hii vilikuwa na miguu ndani. Juu ya miguu palikuwa na suruali, na juu kabisa kofia na miwani ya jua.

"Daktari," Bernadine alisema, "umepotea njia?"

"Nimekuja kukagua gari, mama. Mambo ya usafi tu."

Muuguzi alitoa kichwa mlangoni.

"Babu, pita. Leo sindano ya tatu ya kaswende, ya mwisho. Juma lililopita tulichoma kalio la kulia, leo nipe la kushoto."