Maji Yaliyolala Juu ya Chumba cha Mama

Kwa misimu miwili ya mvua mama alikuwa akiniambia kwamba kuna maji yamelala juu ya chumba chake, nami nikimjibu, "Sawa, mama," kwa sauti ile tunayowatengea wazee tunapokuwa tumekwisha kuacha kuwasikiliza. Macho yake yalikuwa yamefifia. Nilidhani masikio nayo yameanza kumchezea.

Hata hivyo, ukuta ulikuwa umelowa kweli. Lipu ilibanduka vipande vipande, na kaka yangu mkubwa alikuwa amekata shauri: Jumamosi angekuja kumchukua mama akaishi kwake. Mama hakulia wala hakubisha. Alisema tu, "Hapa naona kwa mikono. Kule ndiko nitakakokuwa kipofu."

Siku hiyo hiyo nikatafuta fundi.

Alikuja Alhamisi asubuhi, mwanamke wa makamo aliyebeba ngazi begani kama mtu abebaye mkoba. Aliitazama gata, ule mfereji wa bati unaokinga maji ya paa, kisha akanitazama mimi.

"Nani aliifunga hii?"

"Fundi mwingine. Lakini nilimsimamia mwenyewe," nikajibu, bila kuficha fahari. "Kwa pima maji. Hakuna tofauti hata ya unywele, toka pembe hii hadi ile."

"Naona. Imenyooka kama mstari wa daftari." Akaegemeza ngazi. "Tatizo, mwalimu, maji hayakwenda shule."

Kicheko cha mama kikatoka dirishani.

Fundi alipanda, akatumbukiza mkono, akaniita nami nipande. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku nne. Lakini pale, juu kabisa ya kitanda cha mama, gata ilikuwa imebonyea kwa uzito, na ndani yake maji meusi yametulia, yakibeba taswira ya wingu zima. Kila mvua ilipozidi, yalifurika kwa nyuma na kuteremkia ukutani. Nilishika ngazi kwa mikono miwili. Lile nililoliita uzee lilikuwa hapa, mbele ya pua yangu, lina kina cha kiganja.

"Maji yako haya hapa, mama," fundi akasema kuelekea dirishani.

"Nilimwambia huyo. Lakini si unajua, amesoma."

Fundi akafungua vishikio vyote vya gata, akavipanga upya kwa ukaribu zaidi, akivishusha kidogo kidogo kuelekea kwenye bomba la kuteremshia maji. Nilipomletea pima maji yangu, aliiweka mfukoni kwa adabu na hakuitoa tena. Badala yake akaomba jagi la maji.

"Mama, lala kitandani kwako. Wewe ndiye kipimo changu leo."

Akamimina.

"Yamesimama," mama akasema kutoka ndani.

"Wapi?"

"Usawa wa mto wangu. Kama hatua moja kuelekea mlangoni."

Fundi akainua kishikio kimoja, kwa kiasi ambacho jicho langu halikukiona. Akamimina tena.

"Sasa yanatembea. Yanatembea... hapo yamejikwaa."

"Kwenye kiungo?"

"Mimi nitajuaje kiungo, mwanangu? Juu ya kabati."

Palikuwa na kiungo juu ya kabati. Nilisimama uani nikiwasikiliza wanawake wawili, mmoja juu ya paa na mmoja chini yake, wakisahihishana kupitia bati na dari kwa sauti ya maji ambayo mimi, mwenye masikio mazima, sikuisikia kabisa. Walirudia mara tisa. Mara ya kumi mama hakusema kitu, na bomba likatema maji yote miguuni pangu.

Nilipoitazama gata kutoka getini, ilikuwa imeinama vidole viwili upande mmoja. Sikumdai pima maji yangu.

Jumamosi kaka alifika na sanduku tupu, mvua ikimiminika nyuma yake. Mama alimshika mkono, akambandika kiganja ukutani.

"Bado kuna unyevu," kaka akasema.

"Huo ni wa zamani. Je, kuna maji yanayoteremka?"

Kaka aliacha mkono pale kwa muda mrefu. Juu yetu mvua yote ya paa ilikuwa ikipita.

"Hapana," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada. Kisha akalisukuma sanduku chini ya kitanda kwa mguu, akaketi karibu na mama kusikiliza.