Kitana cha Kabaila Tebat

Theuri alimwaga kopo lote mezani. Ndururu, zile senti za zamani zenye tundu katikati, zikabingirika hadi chini ya kabati. Sarafu ya Yakubu haikuwamo.

Maji yalimfika shingoni. Yeye, fundi wa saa anayeokota skrubu ndogo kuliko chawa, kupoteza mali ya mtu! Sarafu ilikuwa ya marehemu Mwanabibi, mke wa Yakubu. Alipewa na sista mmoja wa misheni, akaitoboa, akaivaa shingoni miaka arobaini. Yakubu alimwachia Theuri amtafutie ilikuwa pesa ya nani. Mwezi mzima Theuri aliisoma kwa lenzi yake, herufi moja moja, hadi akampata mwenyewe: Tebat, mtawala wa Shampeni huko Ufaransa, miaka kama mia nane iliyopita. Wala hakuwa mfalme. Alikuwa kabaila tu mwenye ardhi yake, lakini alijitengenezea sarafu zake, na upande mmoja akachora kitana, kama kinyozi. Leo saa kumi Yakubu angekuja kuichukua, na saa kumi ilikuwa imefika.

"Mama Wendy! Nani aliguza hii kopo yangu?"

"Ni mimi," mkewe Ngendo akajibu kutoka jikoni. "Kishikio ya kifuniko ya sufuria ilikuwa inacheza, nikaweka ndururu moja chini ya skrubu, kama washa ya kuibana. Si uko nazo mingi?"

"Gani? Ile nyeusi?"

"Ile nyembamba. Na imekaa poa sana."

Theuri alichomoka na bisibisi mkononi. Githeri, mahindi kwa maharagwe, ilikuwa ikitokota. Akakinyakua kifuniko, akaungua, akafungua skrubu huku akipuliza vidole. Sarafu ikamdondokea kiganjani. Akaipangusa mvuke, akaiinamia kwa lenzi. Kitana kipo, meno yote. Akaigeuza. Tebat yupo.

Aliketi juu ya debe la maji. "Ngai, asante," akamwambia Mungu wake.

Hapo hapo hodi ikapigwa. Theuri angeweza kuificha habari ya sufuria, lakini moyo ulikataa. Akamweleza Yakubu habari za Tebat, kisha za sufuria, macho yakiwa chini.

Yakubu alicheka hadi akajifuta machozi. "Mwanabibi mwenyewe alikuwa anaiangusha kwa unga kila mara," akasema. "Lete."

Akaipokea kiganjani.

"Ina joto," akasema polepole. "Tangu aende, imekuwa baridi tu."

Akaifumbata. Ngendo alimvutia kiti karibu na jiko, na githeri ilipoiva, mzee alikula kwa mkono mmoja.