Kovu la Lucimar na Jua la Bangu

Kwa maneno ya Gracinete, jirani yetu wa nyumba ya pili, mambo yalikwenda hivi. Alhamisi saa tisa mchana Dona Iracy alichemsha mafuta ya nyonyo kwenye sufuria ya maharage, akayamimina yakiwa bado yanatokota juu ya tumbo la Lucimar, tumbo lenyewe lina miezi minne tu tangu lipasuliwe na kupunguzwa. Lucimar akapiga yowe. Gracinete akalisikia akiwa juu ya paa lake, akachukua ufagio ashuke kumwokoa mwenzake, lakini ngazi ikamshinda akabaki palepale. Ndiyo maana, kasema, kovu la Lucimar sasa ni jeusi kama lami.

Aliyasema hayo Jumapili nje ya kanisa, Jumatatu akayasema kwenye kituo cha basi, na kila alipoyarudia sufuria ilizidi kuwa kubwa.

Mimi nilikuwepo Alhamisi hiyo. Nafanya kazi kwa Dona Iracy, mkandaji wa makovu: nafua taulo, nashika kioo, nafungua geti. Yowe lilikuwepo kweli, siwezi kukataa. Mwanamke aliyepunguzwa tumbo hutengenezewa kitovu kipya, na ili kisizibe huambiwa akae na gololi ndani yake miezi kadhaa, ile ile ya kuchezea watoto. Siku hiyo Lucimar alicheka sana, gololi ikamruka, ikabiringika hadi chini ya friji. Mimi na Dona Iracy tukapiga magoti kuitafuta kwa mpini wa ufagio, na Lucimar kitandani anapiga kelele, "Kitovu changu! Jamani, kitovu changu kimetoroka!"

Mafuta ya nyonyo hatuna. Sufuria ya maharage ilikuwa na maharage.

Hapa Bangu, mtaa unaojulikana kwa jua kali, kupasuliwa ili upendeze si jambo la kuficha. Mtu anazaa, tumbo linaning'inia, anasubiri zamu yake miaka, na siku akirudi kutoka hospitali amejikunja kama kikongwe mtaa mzima unampelekea supu. Shida ni kinachobaki baadaye. Daktari anashona vizuri, anamuaga, anaita mwingine. Mwezi wa tatu ule mstari kutoka nyonga hadi nyonga unakuwa mwekundu, mgumu kama kamba, unawasha usiku kucha. Hapo ndipo wanakuja kwenye geti letu.

Dona Iracy ana miaka sitini na minne. Miaka kumi na tisa alikuwa mhudumu wa wodi ya walioungua, na sijaona mtu anayeijua ngozi kama yeye. Kwanza anataka barua ya daktari. Kama pamebaki hata tundu la sindano halijafunga, hakugusi. "Kidonda ni cha daktari," humwambia mtu. "Kovu ndilo langu. Rudi likiwa kovu." Ukimwambia unataka lifutike, anakurudishia barua yako. "Nani amekudanganya? Mimi nalilainisha na kulipausha. Kufuta, nenda kwa wachawi."

Anakanda kwa vidole viwili, macho kayafumba. Anabonyeza mpaka ngozi iwe nyeupe, anasogeza kushoto, kulia, anazungusha, anaachia. Kuna siku alisimama katikati akasema, "Hapa ndani kuna fundo la uzi." Mwenye tumbo akabisha. Juma la pili daktari akautoa, mrefu kama kope. Akimaliza anabandika utepe wa silikoni, wa kukaa mchana na usiku, kuuvua ni kuoga na kuuosha tu. Na jua, hapana. Hilo hulisema kila mgonjwa akiingia na kila akitoka, mpaka wengine humalizia wenyewe mlangoni kama watoto wa darasa la kwanza.

Lakini ninachokipenda kuliko vyote ni zile picha. Dona Iracy anaomba picha za zamani za eksirei, tunaziloweka kwenye dawa ya kutoa madoa mpaka mifupa inatoka na kubaki plastiki safi, unaona upande wa pili. Kila mwezi analaza plastiki juu ya kovu na kulichora kwa kalamu, unene wake, wekundu wake, kila kona. Mimi naandika jina na tarehe. Shule niliishia ya msingi, ila mwandiko wangu ni mzuri, hata yeye husema. Ukizipanga dirishani moja juu ya nyingine, unaliona kovu likikonda mwezi hadi mwezi. Wanawake hulia pale dirishani. Kwenye kioo hawaoni kitu, kwa sababu kioo wanakitazama kila siku.

Basi Jumanne, siku moja baada ya maneno ya kituo cha basi, Lucimar akaja kimya. Yeye ni mpishi wa shule, mwanamke wa kicheko, akiingia tu unajua. Siku hiyo alilala na kufumba macho kabla hajaambiwa. Dona Iracy akabandua utepe. Upande wa kulia, upana wa vidole vinne, kovu lilikuwa limekuwa jeusi na kuvimba. Pengine pote lilikuwa kama tulivyoliacha.

"Umepaka nini?" Dona Iracy akauliza.

"Sijui. Labda sabuni."

Nililaza picha ya mwezi uliopita. Weusi ulianza ghafla, kwenye mstari ulionyooka kama uliopigwa rula. Mafuta hayaunguzi kwa rula. Sabuni pia. Na juu kidogo, kwenye nyonga, niliona vistari viwili vyembamba vyeupe, sambamba, kama tambi.

Vistari hivyo navijua. Kila Jumamosi nikianika taulo nawaona wanawake wamelala kwenye paa la Gracinete. Ndiyo kazi yake: anawabandika tepu ya umeme mwilini badala ya nguo ya kuogelea, wanaokwa na jua, wakibanduliwa wanabaki na alama nyeupe kali za kujivunia majira yote ya joto. Wapiga tepu wako wengi Bangu, ila wa kamba mbili nyongani ni Gracinete peke yake. Tepu ilikuwa imefunika kovu lote isipokuwa ile ncha.

Nilimtazama Dona Iracy. Alikuwa ameshaviona. Akaniambia, "Jussara, lete kitambaa cha baridi," basi.

Juma lile lile wanawake watatu hawakuja. Lililofuata wakapungua wawili. Asubuhi moja kwenye duka la mikate Gracinete alinigeukia mbele ya watu.

"Na wewe Jussara, si ndiye ulishika sufuria?"

"Nilishika ufagio. Tulikuwa tunatafuta gololi."

"Mnamsikia? Tumbo la mwenzake linaungua, yeye anacheza gololi!"

Watu wakacheka, na walinicheka mimi. Nikachukua mikate yangu ya jibini nikaenda zangu. Njiani ndipo majibu mazuri yakaja, matano au sita.

Lucimar mwenyewe alisema juma la pili. Dona Iracy alikuwa anakanda, hajauliza kitu, mara machozi yakaanza kushuka kuelekea masikioni.

"Nilipanda kwa Gracinete."

"Najua."

"Tulikuwa na sherehe ya wapishi, kwenye bwawa la kuogelea. Tangu nizae sijavaa kitu cha vipande viwili, Dona Iracy. Gracinete akaniambia, shoga, tepu inafunika, kovu halitajua kama umetoka nje. Nusu saa tu."

"Nusu saa ya Bangu," Dona Iracy akasema. "Hapo hata kuku anaiva."

Lucimar akacheka huku analia, tumbo likatikisika. "Usimwambie mtu, nakuomba. Gracinete ni mama wa ubatizo wa binti yangu. Nilipokuwa na zamu za alfajiri, mtoto alikunywa maziwa kwake. Aliogopa tu, ndiyo maana akaanza maneno. Wakijua ni paa lake, nani atapanda tena?"

"Na mimi?" Dona Iracy alisema taratibu, kama anayeuliza saa. Lucimar akazidi kulia. "Haya, tulia. Ukilia tumbo linakaza."

Hakusema zaidi, siku ile wala nyingine. Mimi ningemfukuza. Yeye alianza upya kovu la mtu ambaye ukimya wake ulikuwa unamfungia kazi. Mara tatu kwa juma badala ya moja. Alimwagiza avae suruali za kiuno cha juu, akamtuma kwa daktari kuchomwa sindano palipovimba, akamngoja wiki mbili kabla ya kugusa tena. Viti vitatu vya barazani vilibaki vitupu, navipangusa vumbi asubuhi na jioni. Dadake anayekaa mji wa Volta Redonda alipiga simu, nikamsikia Dona Iracy akimjibu, "Kama hadi sherehe za Karnivali, Februari, hawajarudi, nitafunga chumba nije kukaa kwako. Siwezi kuwagongea watu milango kuwaambia sikumuunguza mtu." Akakata simu, akanawa mikono mpaka viwiko kama kawaida, akamwita Lucimar aingie.

Nilizitazama zile ncha za vidole zikirudi palepale, siku baada ya siku, bila hasira. Mikono yenye hasira ningeijua. Mama yangu ananisuka, naijua.

Januari, katikati ya joto lile la kuyeyusha viatu, tulilaza picha mpya juu ya ile ya Oktoba. Weusi ulikuwa umebaki kivuli cha hudhurungi, bonge limelala, na mstari mzima mwembamba kuliko kalamu iliyouchora. Dona Iracy alipitisha kidole mara moja, akafungua macho.

"Wewe sasa una tumbo," akasema, akatoka kwenda kutia kahawa.

Nilimshikia Lucimar kioo. Akajigeuza huku, akajigeuza kule, akacheka kile kicheko chake cha zamani. "Jussara, ona! Hata mume wangu itabidi avae miwani!"

"Naona."

"Yule mama ana mikono, jamani. Ana mikono!"

Mimi si mtu wa kusema. Kwenye chumba kile miaka mitatu nimesema ndiyo, tayari na karibu. Lakini kupitia mlango uliokuwa wazi niliona sanduku la safari la Dona Iracy, limeshushwa kutoka juu ya kabati, limefunguliwa kitandani kwake.

"Dada Lucimar," nikasema, "Jumamosi wanawake wote wanakuwa juu ya paa la Gracinete. Kuna wanne walikuwa wanakuja hapa. Nakuomba upande. Usimtukane mtu. Waonyeshe tumbo lako, na uwaambie weusi ulitoka wapi na nani aliuondoa."

Kicheko kikakatika. Akachukua utepe wa silikoni, akaubandika nyonga ya kulia, akaulainisha kwa dole gumba hadi ya kushoto. Ulikuwa umekaa vizuri. Akarudi mwanzo, akaulainisha tena. Kutoka juu ya paa la nyumba ya pili Gracinete alikuwa anamwita, "Lucimar! Lucimar we! Mtoto wako yuko huku, njoo unywe kitu baridi!"

Mimi nilikuwa bado nimeshika kioo.